Wakulima walikataa kung'oa, watafiti wakarudi shambani

Ndugu wanakoperative, katika mikutano mingi tunayokaa pamoja nanyi kuna neno linalorudi kila mara watu wanaposikia kwamba universite inakuja. Mtu anacheka kidogo, anamwangalia jirani yake, anasema: "Wanakuyaka, wanauliza, wanaandika, wanaenda. Majibu hatuyaonake." Mwingine anaongeza kwamba safari ile walipewa soda na biskuti, na ile karatasi ya maswali ilikuwa ndefu kama foleni ya maji. Hatuwezi kuwaambia wanaosema hivyo kwamba wanadanganya. Mtu aliyepimiwa shamba lake mara nne na watu wanne, na ambaye hajajua hata siku moja ile hesabu ilienda kufanya kazi gani, ana haki ya kuchoka.

Lakini hapa kwetu Kivu kuna kazi moja iliyoenda kwa njia ingine, na inagusa mmea ambao wengi wenu mnaishi nao: mgomba. Tunataka kuieleza kwa urefu. Katika kazi hiyo, elimu ya wataalamu ilianza kufaa siku waliposhika kukataa kwa mkulima kama habari ya maana, wakaacha kukuita ujinga.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Majani yanageuka manjano na kunyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu linakauka na kuoza. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, moja huku, ingine kule, na ukizipasua unakuta ndani rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache unaona maji mazito ya manjano yanatoka. Wenzetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Wataalamu wanauita mnyauko wa bakteria, kwa kifupi BXW. Bakteria ni kadudu kadogo sana kasikoonekana kwa macho, kanaingia ndani ya mgomba kupitia jeraha na kuziba njia za maji. Dawa ya kupulizia haiko. Na kati ya migomba tunayolima hapa kwetu, hakuna aina moja ambayo tunaweza kusema huu ugonjwa hauigusi.

Ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 1968 wataalamu waliueleza kwenye enseti, mmea unaofanana na mgomba, ambao ni chakula cha mamilioni ya watu kule, kisha mwaka 1974 kwenye mgomba wenyewe. Ulikaa kule miaka mingi. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na karibu wakati ule ule migomba ikaanza kufa huku Kongo, upande wa Masisi, Kivu ya Kaskazini. Karatasi ya wataalamu iliyothibitisha kwamba ugonjwa umefika Kongo ilichapwa mwaka 2006, na mwandishi wake wa kwanza ni Vigheri Ndungo, profesa wa Université Catholique du Graben ya Butembo. Angalieni mambo mawili hapo. La kwanza: ni universite ya kwetu, ya mji ambao akina mama wanateremsha ndizi sokoni kila siku, iliyopeleka habari hiyo mbele ya dunia. La pili: kati ya mkulima wa Masisi kuona shamba lake linakufa na karatasi hiyo kutoka, kulipita miaka karibu 5. Kwa miaka hiyo ugonjwa haukungoja mtu. Ulipanda juu ya panga, juu ya miche ya kupanda, juu ya mikungu ya wafanyabiashara, ukashuka mpaka Kivu ya Kusini.

Shauri la kwanza ambalo wakulima walipewa, huku na katika nchi jirani, lilikuwa kali: ukiona mgomba mmoja unaugua, ng'oa fungu lote. Mama, watoto na wajukuu, vyote vinavyotoka kwenye kisiki kimoja chini ya udongo. Chimba mpaka mizizi, fukia, kisha usipande ndizi hapo kwa miezi. Penye ugonjwa mwingi, shamba zima liende.

Kwa mtu wa laboratwari shauri hilo lilikuwa na akili. Kama kadudu kako ndani ya fungu, toa fungu. Wakulima wengi walikataa. Wengine walisema ndiyo mbele ya agronomu, kisha hawakufanya. Wengine walikata tu ule mgomba unaoonekana mgonjwa na kuiacha mingine isimame.

Katika ripoti nyingi tulizosoma, jambo hilo liliandikwa kwa maneno ya aina moja: wakulima hawajaelewa, wakulima wanapinga mabadiliko, inafaa kuwahamasisha zaidi. Sisi tunaona walielewa vizuri sana. Walipiga hesabu. Kung'oa fungu moja kubwa kwa jembe kunaweza kummalizia mtu nguvu za siku, na kama mwenye shamba ni mjane, au bwana yake yuko kwenye machimbo, nani atachimba mafungu mia? Vijana wa kuchimba wanataka pesa, na pesa ilikuwa itoke kwenye ndizi zenyewe. Mgomba pia si chakula tu. Ni kasiksi ya kuuza na ya kupokea wageni. Ni majani ya kufunika, ni kivuli cha maharagwe na kahawa, ni mizizi inayoshika udongo kwenye milima yetu ili mvua ya Aprili isiupeleke bondeni. Njo minerval. Watoto wangapi wa Kabare, wa Walungu, wa Lubero wamesoma mpaka kupata diplome kwa mikungu ya ndizi? Tena ukipanda upya, unangoja mwaka na zaidi kabla ya kukata mkungu wa kwanza. Mwaka huo nyumba itakula nini?

Kukataa kwao kulikuwa na mizizi ya zamani pia. Utafiti wa kilimo katika nchi hii haukuanza kwa kumuuliza mkulima. INEAC, ile kubwa ya wakati wa Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1933, na kituo chake cha Yangambi kilisifiwa kote kwa kazi ya mawese, kahawa na mpira. Kazi nzuri, hatubishi. Lakini wakati ule ule mwanakijiji alikuwa analazimishwa kulima pamba kwa amri, na asiyelima alipigwa faini au kufungwa. Wazee wetu walimjua agronomu kama mtu anayekuja na amri. Mtu anayekuja leo kusema "ng'oa" anakuta kumbukumbu hiyo imekaa mlangoni, hata kama yeye mwenyewe ni kijana mpole wa Bukavu anayejua Mashi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wakulima walipoendelea kukataa, sehemu ya watafiti walirudi shambani na kubadilisha swali. Swali la kwanza lilikuwa: tufanye nini ili wang'oe? Swali jipya likawa: ni kweli kwamba fungu lote linaugua? Kazi hiyo ilifanywa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Waliokuwamo ni watafiti wa Bioversity International, wa INERA kwenye kituo cha Mulungu, na watu wa universite za Kivu. Mradi wa CIALCA, uliounganisha vituo vya utafiti na universite katika Kongo, Rwanda na Burundi kwa msaada wa Ubelgiji, ulikuwa umekwisha kufungua njia ya watu hao kufanya kazi pamoja.

Walichokuta kinafaa kujulikana na kila mwenye mgomba. Kadudu hakafiki kwenye migomba yote ya fungu. Mama anaweza kufa, na mtoto wake pembeni akawa mzima. Hata pale kadudu kanapofika kwa mtoto, si kila mara mtoto anaugua. Wengine wanakua na kuzaa mkungu mzuri. Kumbe mkulima aliyekata mgomba mmoja na kuiacha mingine hakuwa mbishi bure. Jicho lake lilikuwa limeona kitu ambacho laboratwari ilikuwa haijapima.

Basi njia mpya ikatoka, na inasemwa kwa maneno machache: kata mgomba unaoonekana mgonjwa peke yake. Kata chini kabisa, usawa wa udongo. Weka mabaki pamoja pembeni, mbuzi wasiyafikie. Usichimbe fungu. Pita tena wiki inayofuata, na nyingine, na nyingine, kwa maana kuna migomba iliyo na ugonjwa ndani ambayo bado haijaonesha. Mwanzoni usiruke wiki hata moja. Miezi ya mbele, ugonjwa ukipungua, unaweza kupita mara chache zaidi.

Panga njo mlango mkubwa. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukaenda kutoa majani kwenye mgomba mzima kwa panga ile ile, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Panga ichomwe kwenye moto mpaka iwe ya moto kabisa, au ioshwe kwa maji ya javel. Wengi wanachagua moto kwa sababu javel inanunuliwa, na moto wa makaa unaweza kubebwa kwenye sufuria kuukuu mpaka shambani. Ua jekundu nalo litolewe mapema, mara mkono wa mwisho wa mkungu unapotokea. Litolewe kwa fimbo yenye panda, bila panga, kwa sababu nyuki na inzi wanaotembea ua kwa ua wanabeba ugonjwa. Kwenye milima ya juu, kama mita 1,700 na kuendelea, wadudu hawaambukizi sana kupitia ua. Huko chunga panga na miche mbele ya yote.

Matokeo? Katika mashamba ambamo kazi hiyo ilifuatwa bila kuachwa, migomba yenye kuonesha ugonjwa ilishuka mpaka chini ya miwili kwa mia, na wenye shamba waliendelea kukata mikungu wakati wote. Njia hiyo ikachukuliwa na kufundishwa pia katika nchi za jirani zenye ugonjwa huu.

Hapo tungeweza kufunga hadithi, lakini shida iliyobaki ni ile ambayo universite haina dawa yake. Njia hii inashika tu kama jirani naye anaifuata. Wewe ukate kila wiki, yeye aache migomba yake ioze imesimama, nyuki hawajui mpaka wa shamba. Tena kuna mnunuzi anayeingia na panga yake mwenyewe, ametoka asubuhi kwenye vijiji vitatu, anajikatia mikungu mwenyewe kwa haraka kwa sababu kamyo inangoja. Kuna ndugu anayekupa miche ya bure kutoka shamba usilolijua. Hakuna profesa anayeweza kuamua hayo. Koperative inaweza. Koperative inaweza kuweka sharti kwamba mnunuzi hakati, mwenye shamba njo anakata, kwa panga ya shamba. Inaweza kupanga siku moja ya wiki ambayo mlima mzima unapita katika migomba yake. Inaweza kuwa na kitalu chake cha miche safi kwa njia ya PIF, ile ya kuotesha miche mingi kutoka vipande vya kisiki, na kuiuza kwa wanachama kwa bei yao. Mtafiti alileta kisu. Mpini uko kwenu.

Na tuseme lile ambalo wote mnalijua. Kazi ya kila wiki inataka mtu awe nyumbani kila wiki. Watu wakikimbia, shamba linabaki peke yake mwezi, miezi mitatu, na wanaporudi wanakuta yale waliyookoa yameanza kufa tena. Tumesikia wataalamu wakishangaa kwamba mahali fulani ugonjwa "umerudi bila sababu". Sababu ilipita barabarani ikiwa na godoro kichwani.

Tumeongea sana juu ya ndizi. Tutoe mfano mwingine kwa ufupi, wa muhogo. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo, neno la watu wa Kiyaka wa Kwango, maana yake ni kufungwa miguu. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu, mara nyingi mtoto au mama, analala mzima na kuamka miguu yote miwili haishiki, na haiponi. Unatoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, kwa watu wasiopata chakula kingine chenye nguvu: mwaka wa jua kali, au wakati wa vita watu wanapokula mbele muhogo haujakaa siku zake kwenye maji. Umeonekana hata Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi. Mtaalamu wa Australian National University, Howard Bradbury, alitengeneza njia ya kupunguza sumu kwenye unga wenyewe. Weka unga ndani ya beseni, tia alama ukutani mwa beseni pale unga unapofika. Changanya na maji; unga utashuka kwanza, ongeza maji mpaka urudi kwenye ile alama. Utandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa sentimeta moja, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha pika bugali siku ile ile. Miaka ya 2010 na 2011 njia hiyo ilijaribiwa na PRONANUT na watu wa universite hiyo katika kijiji cha Kay Kalenge, teritware ya Popokabaka, na katika muda wa majaribio hakutokea mgonjwa mpya wa konzo. Kilichoshikilia kazi ni akina mama. Walifundishana wao kwa wao, na walipoonja waliona bugali imekuwa nzuri, ule uchungu umetoka. Kama bugali ingekuwa mbaya, hakuna profesa ambaye angewalazimisha.

Turudi sasa kwenye ile karatasi ndefu ya maswali.

Tukiwa wakweli, mwanafunzi anayefika kwenu na karatasi hiyo mara nyingi naye ni maskini. Anaandika memuare, kile kitabu anachotakiwa kukitetea mbele ya walimu ili apewe diplome. Moto ya kumleta amelipa yeye, ao mama yake. Universite zetu zinaishi zaidi kwa minerval ya wanafunzi kuliko kwa pesa ya serikali. UCB ya Bukavu, Graben ya Butembo zote mbili zilianza mwaka 1989, UEA ya Panzi ikafuata mwaka 1991, katika miaka ambayo nchi ilikuwa inaanguka, na zimesimama kwa jasho la wazazi. Wengi wa wazazi hao ni ninyi. Yule kijana mwenye karatasi anaweza kuwa mtoto wa mwanachama wa koperative ya mlima wa pili, na ndizi za babake njo zilimfikisha pale. Hilo halimpi ruhusa ya kuchukua majibu na kupotea, lakini linaonesha kwamba si watu wa dunia mbili.

Kinachovunja kazi zaidi, kwa maoni yetu, ni kalenda. Ninyi mnaanza msimu A mwezi wa Septemba na msimu B mwezi wa Februari. Mwanafunzi mara nyingi anapewa kichwa cha memuare yake masomo yakiwa yamesonga, anashuka shambani wiki mbili au tatu, na lazima aweke kitabu mezani mbele ya likizo. Ataona nusu ya msimu wa maharagwe. Mgomba hatauona kabisa: tangu kuupanda mpaka kukata mkungu ni zaidi ya mwaka. Kwa hiyo anafanya kinachowezekana katika wiki tatu, ni kusema kuuliza maswali. Anauliza "unapata mikungu mingapi kwa mwaka?" na mama anajibu namba inayomjia mdomoni, kwa maana hakuna anayehesabu mikungu iliyoliwa na watoto. Namba hiyo inaingia katika kitabu. Kisha kitabu kingine kinaitaja.

Dawa yake si ngumu sana kama pande zote mbili zinataka. Koperative ipeleke maswali yake mbele, katikati ya mwaka, kabla walimu hawajagawa vichwa vya kazi. Maswali yatoke kwenye mkutano mkuu, na tunaomba hapo muwe waangalifu: katika migomba, mara nyingi mama njo anatoa majani, anapita kila siku, anaona mgonjwa wa kwanza, lakini kwenye mkutano papa njo anasema. Swali la papa litakuwa bei ya kasiksi. La mama litakuwa kwa nini ile migomba ya karibu na njia ya maji inaanza kuugua kila mwaka kabla ya mingine. Yote mawili ni mazuri. La pili mwanafunzi wa agronomia anaweza kulifanyia kazi kweli.

Koperative yenye karatasi zake sawa kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, ni mtu mbele ya sheria, inaweza kusaini makubaliano na fakilte. Si lazima iwe karatasi ya mawakili. Ukurasa mmoja unatosha: swali ni gani, majaribio yatakaa kwenye kipande gani na kwa misimu mingapi, nani analipa kama jaribio likiharibu mavuno, majina ya wakulima yataandikwa au yatafichwa, na siku ya kurudisha majibu. Hilo la kulipa hasara msilione aibu. Mtafiti akikosea, anaandika kwamba matokeo hayakuwa mazuri. Mkulima akikosea, watoto wanalala njaa. Si haki wote wawili wabebe sawasawa. Na siku ya kurudisha majibu iwe mbele ya siku ya kutetea memuare, kwa lugha ambayo mkutano unasikia: Kiswahili, Mashi, Kinande, chochote kile. Mwanafunzi anayeshindwa kueleza kazi yake kwa Kiswahili mbele ya watu aliowauliza, walimu wake wangepaswa kumuuliza kama ameielewa.

Tuna koperative zinazotuambia: lakini sisi tutatoa nini, universite ina vitabu, sisi hatuna kitu. Mnacho, na ni kitu ambacho universite haiwezi kununua. Mwanafunzi yuko shambani wiki 3. Ninyi mko wiki 52. Daftari moja la shule linatosha, lile la kurasa 60, likae kwa sekretere au kwa kijana yeyote anayeandika vizuri. Kila siku ya kupita katika migomba aandike tarehe, jina la mlima, migomba mingapi imekatwa kwa sababu ya ugonjwa, na mingapi ilikuwa kwenye fungu ambalo lilikwisha kukatwa mbele. Aongeze neno moja la mvua: nyingi, kidogo, hakuna. Kama watu walikimbia wiki hiyo, aandike hivyo pia, wala asiache nafasi tupu, kwa sababu atakayesoma atafikiri hakukuwa na ugonjwa.

Msimu A unafunguka Septemba. Walio na migomba inayougua wanaweza kuanza wiki hii, bila kungoja mtu.